Baba Mkwe na Madirisha ya Ndege

Ukiniambia nikuchoree Baba Mkwe, nitakuchorea mgongo. Mgongo wake naufahamu kuliko wangu: mpana, umelalia bega la kushoto, umevaa koti la kijivu la migodini lililochanika kwapani na kushonwa kwa uzi mweupe. Nitakuchorea na visigino pia, kwa sababu miaka mingi nilimtazama kutokea chini, na nyufa za visigino vile ungeweza kupandia maharage. Uso siuwezi. Nilikaa karibu na mlango wake kiasi cha kumsikia akijikuna, nikampikia, nikamfulia, nikamzalia mjukuu, na uso wake niliuona mara moja tu.

Jina lake nalo silitaji, na usidhani nalificha. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe, kama alivyokuwa yeye, mke wa mwana hatamki jina la baba wa mumewe, hamtazami, haingii nyumbani mwake. Wakikutana njiani, mwanamke anajitupa majanini au anageuka na kujifunika khanga mpaka mzee apite. Mzee naye anakwepa vilevile. Akijua mkwe yuko mbele anakohoa, anachepuka. Mimi ni Mhehe wa Igowole. Kwetu mkwe anaheshimiwa sana, lakini hatukimbiani kama panya na paka. Nilipoolewa Iyunga, chini ya mji wa Mbeya, nilikuwa na darasa la kumi kichwani na vitabu sandukuni, nikajiambia mambo hayo ni ya wanawake wasiosoma. Wiki ya kwanza nilikuwa nimeshalala kifudifudi kwenye shamba la viazi, sketi yangu ya shule imejaa tope, nikisikiliza viatu vyake vikipita.

Niseme pia kwamba mimi si mtu wa safari. Nimesafiri mara mbili za maana: kutoka Igowole kwenda shule Iringa, na kutoka Iringa kuja kuolewa, juu ya magunia ya chumvi, nikitapika njia nzima. Niliposhuka niliapa kwamba pale nilipofika ndipo nitakapozikwa. Mtu wa namna hii ndiye aliyekuja kuishi kwa mzee aliyeipenda ndege kuliko chakula.

Nianze na yaliyonitia kinyaa, maana ndiyo mengi.

Alivuta ugoro. Hilo peke yake si kosa, hata mama yangu alivuta. Lakini Baba Mkwe alipiga chafya mfululizo mpaka kuku wakatawanyika, kisha akafuta vidole kwenye nguzo ya baraza. Nguzo ile ilikuwa nyeusi, inang'aa, na hata nzi walitua juu yake kwa kufikiria kwanza. Vitambaa vyake vya pua vililetwa kwangu kufuliwa vikiwa vimekauka kama ndizi za kuanika. Ilibidi nivivunje kabla ya kuviloweka. Masikio aliyasafisha kwa unyoya, na unyoya huo hakuutafuta chini. Alimkamata kuku, akamnyofoa mmoja, kuku akapiga yowe, yeye akatulia kwenye kiti akizungusha unyoya sikioni na kuguna kwa raha. Alivyofyonza mifupa sikuhitaji kuambiwa: nikiwa jikoni niliweza kukwambia amefika kwenye goti au kwenye bega la mbuzi.

Hakuruhusiwa kuzungumza nami akinielekea, kwa hiyo kabla sijazaa alizungumza na kinu.

"Ewe kinu," alisema akiwa amenipa mgongo, "mwambie huyo aliye jikoni, chai ya leo ni maji yaliyotishwa majani."

"Kinu," nami nikajibu kutoka nyuma ya mlango, "mwambie mzee sukari imekwisha."

"Kinu, mwambie sukari haina miguu."

"Kinu, mwambie mzee ina miguu, inapita barazani na wageni wake."

Kinu kilinyamaza, mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, wala hakumwogopa mumewe hata kidogo. Tusekile alipozaliwa, kinu kilipumzishwa kazi. Mtoto hajaota hata jino, akawa mkalimani. "Tusekile, mwambie mama yako." "Tusekile, mwambie babu." Mtoto alikuwa akinyonya tu.

Ndege aliitoa kusini. Alikuwa amekwenda kwenye migodi ya dhahabu, kama wanaume wengi wa kwao, na mkataba wake wa mwisho ulikwisha mwaka ule wa hamsini na mbili, ndege ya kwanza ya abiria ya jeti ilipoanza kufika Johanesbagi kutoka London. Siku ya mapumziko yeye na wenzake walikwenda kusimama kwenye uzio wa uwanja, upande wa watu weusi, wakaiona ikishuka. Alirudi nyumbani na koti, kikohozi, na ndege hiyo. Vingine vyote alivyokwenda kutafuta sikuwahi kuviona.

"Mbele haina yale mapanga yanayozunguka," aliwaambia wageni. "Injini zimefichwa ndani ya mabawa kama mayai kwenye kiota. Wala haipigi kelele za hasira. Inapuliza, kama mtu anapuliza uji."

Kisha aliwapitisha njia nzima: Roma, Beiruti, Khartoum, Entebbe, Livingstone, na kesho yake abiria yuko Johanesbagi na kola yake bado safi. Aliwaambia kwamba inapita juu ya mawingu, mahali ambapo mtu hawezi kupumua, kwa hiyo wanaijaza hewa ndani kama mpira. Aliwaambia kwamba ukisimamisha senti mezani humo ndani haianguki. Na kila mara alimalizia na madirisha. Makubwa, ya pembe nne, yamepangwa safu moja, na watu weupe wamekaa ndani kila mmoja kwenye lake. "Kama picha ukutani," alisema, na sauti yake ikawa nyororo mpaka nikaona aibu kusikiliza.

Hadithi ilinenepa kila mwezi. Mwanzoni alikuwa nje ya uzio. Baadaye akawa ndani ya uzio. Nilipokuwa na mimba ya Tusekile alikuwa tayari amembebea Mzungu mmoja mkoba mpaka kwenye ngazi, na ameigusa ndege tumboni, na ilikuwa ya moto kama ng'ombe.

"Inaitwaje?" wageni waliuliza.

"Wameipa jina la nyota yenye mkia."

"Nyota," mama mkwe alisema huku anapepeta. "Na lile jiwe la Mbozi si walisema ni nyota? Liko chini pale, watoto wanalipanda na miguu ya matope."

"Wewe usiingilie mambo ya juu."

"Siingilii. Nasubiri yashuke."

Mara moja kwa wiki alitunyamazisha wote. Alikuwa ameamua mwenyewe kwamba ndege inapita juu ya Iyunga siku hiyo alasiri. Nisitwange, mama mkwe asiite mbuzi, mtoto apewe ziwa. Alikaa uani na mdomo wazi, nilijua uko wazi kwa jinsi alivyopumua, kisha akasema, "Hiyo," na kuinua kidole. Nilikuwa na atlasi yangu ya shule. Nikaweka rula kutoka Entebbe mpaka Livingstone, nikaona mstari unapita mbali kabisa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alichokuwa akikisikia ni upepo au lori la barabara ya Tunduma. Sikumwambia. Mkwe hamsahihishi mzee, na, nisidanganye, nilipenda ule ukimya. Ndiyo ilikuwa saa yangu ya kukaa bila kutumwa.

Yote hayo ningeyavumilia kama angeiacha ndege huko juu. Alituletea nyumbani.

Zamani, mama mkwe alinieleza, mwana wa Rungwe akioa hakujenga karibu na baba yake. Vijana walikuwa na kijiji chao mbali, wakaishi na wake zao huko, na ndiyo maana kukwepana hakukumsumbua mtu. Lakini Iyunga ardhi ilikuwa finyu, Wasafwa wenyeji walitugawia kipande kimoja, na Baba Mkwe alitaka kazi yake ionekane. Akamjengea mwanawe nyumba uani kwake, ikitazamana na baraza yake. Nyumba yenyewe ilikuwa nyembamba na ndefu, vyumba vimefuatana, ujia katikati wa kupita mtu mmoja. Na upande unaoelekea kwake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, madirisha makubwa ya pembe nne, safu moja.

Fundi, Msafwa mmoja mwenye sauti ya pole, alimwambia, "Mzee, matofali haya ni mabichi. Ukuta nao unataka mahali pa kupumzika."

"Ndege imetobolewa hivihivi na iko juu."

"Ndege sijajenga."

"Basi jenga."

Hakuruhusu hata vifuniko vifungwe mchana. Ndege, alisema, haisinzii. Sasa fikiri. Yeye anakaa barazani kutwa, anakohoa na kunyofoa kuku. Mimi niko ndani, sipaswi kuonwa naye. Nikitoka chumbani kwenda stoo napita mbele ya dirisha baada ya dirisha. Nilitambaa. Mke wa mtu, mwenye cheti, anayeweza kukutajia mito ya Ulaya, alitambaa ndani ya nyumba yake akisukuma bakuli la unga mbele yake, magoti yamekuwa magumu kama ya ngamia. Tusekile alipoanza kutambaa alinifurahia sana, alidhani tumejifunza pamoja. Aliposimama na kutembea akaniacha chini.

Nilimlilia mume wangu. Alikuwa dereva wa lori, anapakia vitunguu Ruaha Mbuyuni na kurudi kupitia Iringa, anakuja nyumbani siku mbili na usingizi wa siku nne.

"Baba Tusekile, ongea naye azibe hata upande wa chumbani."

"Nitaongea."

"Lini?"

"Ukiona nimekaa naye vizuri."

Alikaa naye vizuri mara nyingi. Waliongea matairi.

Nisimchafue mtu upande mmoja tu. Mzee huyu wa jeti alikuwa hapandi hata lori la mwanawe. Kwenda Tukuyu alikwenda kwa miguu, akisema injini za ardhini zinatikisa figo. Ngazi ya kupaka chokaa alimshikia mwenzake, hakuipanda. Alikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji alipohubiri kwamba wakwe Wakristo wanaweza kusalimiana uso kwa uso, yeye alisema amina kwa sauti kuliko wote, akarudi nyumbani na kukohoa mlangoni nijifiche. Alimbeba Tusekile mgongoni mpaka mtoto akalala, akamwimbia nyimbo za migodini kwa sauti ndogo ambayo hakumtolea mtu mzima yeyote. Na kuna hili ambalo nampa kwa moyo mmoja: magazeti. Mume wangu alileta magazeti ya Kiswahili kutoka Iringa, yamezeeka njiani, na Baba Mkwe hakujua kusoma. Alikaa nje chini ya dirisha na mgongo wake, mimi ndani chini ya dirisha hilohilo, nikamsomea. Jirani mmoja akacheka kwamba mzee mzima anafundishwa dunia na mwanamke aliyekaa sakafuni.

"Wewe mkeo hata angekaa darini asingejua kusoma," Baba Mkwe alimwambia, na jirani akaenda zake.

Ndiyo maana mimi ndiye niliyemletea habari mbaya. Gazeti la kwanza lilisema ndege moja ya namna ile imeanguka baharini karibu na Italia, hali ya hewa ikiwa nzuri, na hakuna aliyepona.

"Tusekile, mwambie mama yako asome tena."

Nilisoma tena.

"Ni rubani," alisema. "Alilewa."

Miezi michache baadaye ikaanguka nyingine, bahari ileile, na zote zikazuiwa kuruka. Hapo akasema ni wivu wa watu wa mataifa mengine. Wiki ile hakutunyamazisha alasiri. Mama mkwe alimwekea ugali na samaki, akaula baridi, na mama mkwe hakusema neno juu ya nyota. Nilimsikia usiku ule akikohoa na nikamhurumia kidogo, kisha nikakumbuka vitambaa vya pua na huruma ikaondoka.

Wakati huo nilikuwa nimeshauona ufa. Ulianzia pembe ya juu ya dirisha la chumba alicholala Tusekile, ukapanda kuelekea paa. Mwanzoni ulikuwa kama unywele. Mvua za kwanza zilipoisha ulikuwa unaingia ukucha wangu. Dirisha la pili nalo likaota wake. Nilimwambia mume wangu, akatia kidole, akasema nyumba mpya hujinyoosha.

Kisha likaja gazeti lenye habari ya tangi. Nilikaa sakafuni, mzee nje, nikasoma. Wataalamu wa Uingereza walivua vipande kutoka chini ya bahari wakavipanga kama mifupa. Wakachukua ndege nyingine nzima wakaiweka ndani ya tangi kubwa la maji, mabawa yakichomoza pembeni. Wakasukuma maji ndani, wakaachia, wakasukuma, wakaachia, kila mara ikawa kama safari moja ya kupanda na kushuka. Wakaendelea hivyo mpaka mwili ukapasuka. Na mpasuko ulianzia kwenye pembe ya dirisha.

Niliposoma hapo niliinua macho. Ufa ulikuwa juu ya kichwa changu, unatazamana na mimi.

"Tusekile," nilisema kwa hasira, "mwambie babu, pembe ya dirisha. Mwambie hata hapa ndani ufa umeanzia pembe ya dirisha, na wewe unalala chini yake. Mwambie aondoe madirisha haya."

Nje nikasikia ugoro ukivutwa.

"Tusekile, mwambie mama yako, bati na udongo wapi na wapi."

"Mwambie babu pembe ni pembe."

"Mwambie nyumba hii haiendi popote. Haipandi wala haishuki."

Kesho yake alikuja na udongo na chokaa, akaujaza ufa kutoka nje, akaupaka ukawa mweupe, akasimama mbali kidogo kuutazama. Nilikuwa nimelala chini ndani nikisikia mwiko wake ukikwangua. Sijawahi kumchukia mtu mzima kama nilivyomchukia asubuhi ile, na mkono wake ulikuwa unafanya kazi kwa uangalifu sana, kama anampaka mgonjwa dawa.

Sikungoja tena kauli ya mwanamume. Nilihamisha kitanda cha Tusekile kwenda stoo, upande usio na dirisha, kati ya debe la mafuta na magunia ya mahindi. Mtoto akanuka mahindi. Mume wangu alicheka, akasema mama Tusekile anamlea panya. Mvua kubwa za mwaka uliofuata, alasiri, nikiwa jikoni na mtoto, tulisikia kitu kama gunia limedondoshwa kutoka kwenye lori. Ukuta kati ya madirisha mawili ulikuwa umelala chumbani, juu ya mahali kitanda kilipokuwa, na mvua ilikuwa inaingia na kuyageuza matofali kuwa uji. Chokaa ya Baba Mkwe ndiyo iliyobaki nzima, vipande vyeupe juu ya tope.

Alikuja, akasimama mvuani, mgongo.

"Tusekile, mwambie mama yako amshukuru Mungu."

Nilimshukuru Mungu. Yeye sikumpa kitu. Nilimtazama mgongo nikaona maji yanashuka kutoka kwenye koti, nikageuka nikatema mate.

Ukuta wote wa upande ule ulijengwa upya bila madirisha, kwa kuwa yule fundi alikataa kabisa kuweka, na Baba Mkwe hakuwa na nguvu ya kubishana. Upande ule wa nyumba nilianza kutembea wima, na kitanda cha Tusekile kikarudi chumbani kwake. Miaka michache ilipita hivyo, mizuri. Baba Mkwe alizeeka, kikohozi kikashuka kifuani, habari za ndege akawa hazitaki. Tusekile akaanza shule, na sasa alikuwa mkalimani wa kweli, tena mwongo: babu alimtuma maneno makali akayaleta na sukari.

Kosa nililifanya mimi na mdomo wangu wa kusoma. Mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini mume wangu alileta gazeti, nami nikamsomea mzee kutoka nyuma ya mlango kwa mazoea, mpaka nikafika mahali ambapo nilipaswa kukohoa na kuruka mstari. Ndege ile ilikuwa imerudi. Imeundwa upya, ndefu zaidi, bati lake nene, imevuka bahari kubwa mpaka Amerika. Na madirisha yake sasa yalikuwa ya mviringo. Gazeti likaendelea kusema Wamarekani nao wana yao kubwa zaidi, inabeba watu wengi zaidi, na wasafiri wameanza kuihamia.

"Tusekile, mwambie mama yako hapo asisome. Arudi pale pa mviringo."

Nilisikia kiti kikilia. Alikuwa amesimama.

Siku chache baadaye nilikuwa chumbani kwa Tusekile, yeye yuko shule, nakunja nguo zake kitandani. Nikasikia kitu kinakwaruza ukutani kwa nje, duara, taratibu. Kisha sauti ya Baba Mkwe, imejaa uhai wa siku za zamani.

"Fuata pete hii ya pipa. Usitoke nje ya mstari."

"Mzee," fundi alisema, "ukuta huu nilikwambia."

"Kilichouangusha ni pembe. Hapa pembe iko wapi? Nionyeshe pembe."

"Pembe hakuna."

"Haya. Tutaweka moja hapa, moja pale, mpaka mwisho. Mjukuu wangu ataangalia nje kama watu wengine."

Nilisubiri fundi akatae. Alikuwa amezeeka naye, na pengine alikuwa amechoka kukataa. Mtaimbo ulipiga. Vumbi likaanguka juu ya kitanda cha mwanangu, juu ya gauni lake la pili la shule nililolikunja. Ukapiga tena. Nilikuwa nimeshapiga magoti, bila kujua. Mwili ulishuka wenyewe, kama ulivyozoea. Mtaimbo ukatokeza ncha, ukatoka, mwanga ukaingia, tofali likaanguka ndani, jingine likaanguka nje, na tundu likawa kubwa kuliko kichwa.

Nililitazama lile gauni lenye udongo. Mume wangu alikuwa Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu vyake. Tusekile hakuwepo wa kumtuma, wala kinu.

Nikasimama. Nikapanda juu ya kitanda nikatoa kichwa kwenye tundu.

Alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumpangusa. Nilitegemea uso mkubwa, wa mtu aliyenichukulia miaka yote ile. Ulikuwa mdogo. Ugoro ulikuwa umeganda kwenye masharubu meupe, jicho moja linatoa machozi, na mdomo ulikuwa wazi vilevile kama nilivyoukisia siku za kusikiliza ndege. Alifanana na Tusekile akikutwa na kijiko kwenye kopo la sukari.

"Baba," nilisema, "hapana."

Miiko inamfunga na yeye. Aliachia pete ya pipa, akavuta koti juu ya kichwa, akakimbia. Mzee ambaye hakupanda ngazi aliruka tuta la maharage, akapita katikati ya kuku wake, akajificha nyuma ya shina la mgomba ambalo lilifunika nusu yake tu. Mama mkwe alitoka jikoni na upawa mkononi akatazama shina, akanitazama mimi, akakaa chini pale alipokuwa.

Sikuingiza kichwa. Nilijua nikiingiza atarudi.

Tulisubiri. Koti lilikuwa linapanda na kushuka kwa pumzi. Mwisho sauti ikatoka nyuma ya mgomba, ya chini, haikuanza na Tusekile wala na kinu.

"Basi unataka liwe la namna gani?"

"Pasiwe na dirisha upande huu, baba."

"Hata dogo?"

"Hata la kupita kidole."

Alikohoa kwa muda mrefu. Safari hii hakukohoa ili nijifiche.

"Fundi," akasema, "ziba."

Fundi akachota udongo, akaja na tofali mkononi, akasimama mbele yangu kwa adabu.

"Mama, ingiza kichwa ndani nizibe."

Nikamwambia angoje kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye ua ule tangu nilipoolewa na sikuwahi kuuona nikiwa wima.